Jedwali moja, njia mbili za kulihesabu: kwa nini jumla ya H(n)/n² ni 2ζ(3)

Swali: "Mwalimu shikamoo. Niko chuo mwaka wa kwanza, tumepewa kazi tuoneshe kwamba ukijumlisha H(n)/n² kuanzia n = 1 bila kuishia popote unapata 2ζ(3). H(n) ni 1 + 1/2 + 1/3 + ... + 1/n, na ζ(3) ni 1 + 1/8 + 1/27 + 1/64 + ... Mimi niliandika H(n) kama jumla ya 1/k zote kutoa jumla ya 1/(k+n) zote, nikatenganisha hizo jumla mbili, kila moja ikawa infiniti, nikazikata, jibu likaja sifuri. Mwenzangu wa chumbani anasema kosa langu ni kubadilisha mpangilio wa kujumlisha, eti kwenye mifululizo isiyo na mwisho ni marufuku kabisa. Inaruhusiwa lini sasa? Na hii kitu inathibitishwaje?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuambie kwamba wazo lako la kuiandika H(n) kama tofauti ya vitu viwili ni zuri mno, ndio mlango wenyewe wa kuingilia kwenye hili swali, kwa hiyo usiifute ile kurasa. Umekosea hatua moja. Mwenzako naye kakosea kidogo, maana kubadilisha mpangilio sio marufuku, kuna sharti lake tu na kwenye swali hili sharti linatimia vizuri kabisa.

Ila kabla ya ujanja wowote shika kalkuleta. Mimi mwanafunzi akiniletea uthibitisho swali la kwanza namuuliza je umeziona namba? Kipande cha kwanza ni 1/1 = 1. Cha pili H(2) ni 1.5, gawanya kwa 4 unapata 0.375. Cha tatu 1.8333 gawanya kwa 9 ni 0.2037, cha nne 2.0833 kwa 16 ni 0.1302, endelea hivyohivyo mpaka cha kumi utakuta umefika 2.0279. Sasa ζ(3) ni 1.2020569 na kuendelea, mara mbili yake 2.4041138. Bado kama 0.376 hivi, na usiogope huo umbali, mkia wa huu mfululizo ni mrefu kwa sababu H(n) inakua polepole kama logi asilia ya n (ln n) ukiongeza kama 0.5772, na ukikadiria mkia baada ya kipande cha kumi kwa intigrali ya (ln x + 0.5772)/x² kuanzia 10.5 unapata 0.374, ukijumlisha na 2.0279 unakuta 2.402, yaani tumeshaligusa jibu. Na angalia kitu kingine, kipande cha kwanza peke yake ni 1 na vyote vinavyofuata ni chanya, kwa hiyo ile sifuri yako ilitakiwa ikushtue palepale kabla hata hujaonesha mtu.

Haya, tuje kwenye hatua uliyoteleza. Uliandika

H(n) = (1 − 1/(1+n)) + (1/2 − 1/(2+n)) + (1/3 − 1/(3+n)) + ...

na hii ni kweli, ikiwa na mabano yake. Mabano ndiyo yanayoishikilia. Ukiyafungua ukakusanya 1/k zote upande huu na 1/(k+n) zote upande ule, kila upande unapaa bila mwisho, na infiniti kutoa infiniti haina thamani, sio sifuri, sio kitu chochote, ni kama kuuliza maji ya bahari ukitoa maji ya bahari nyingine yanabaki madumu mangapi. Njia salama ni kukata kwanza. Simama kwenye k = K, namba ya kawaida tu, hapo kila kitu kina mwisho na unaweza kupanga na kupangua unavyotaka. Ukijumlisha 1/k kutoka 1 mpaka K kisha ukatoa 1/(k+n) kutoka k = 1 mpaka K, vile vya katikati vinauana vyenyewe kwa vyenyewe, kinachobaki ni

H(n) − [1/(K+1) + 1/(K+2) + ... + 1/(K+n)]

Ndani ya mabano kuna vipande n tu na hakuna kinachozidi 1/(K+1), kwa hiyo yote pamoja hayazidi n/(K+1). n umeishikilia, K inakwenda mbali, hicho kitu kinaisha hadi sifuri. Basi, H(n) imepatikana kihalali. Na kwa kuwa 1/k − 1/(k+n) ni sawa na n/(k(k+n)), tunaandika

H(n) = jumla, juu ya k zote, ya n/(k(k+n))

Gawanya kwa n² pande zote:

H(n)/n² = jumla, juu ya k zote, ya 1/(n·k·(n+k))

Hapa ndipo mimi hufurahi kila mara nikilifundisha hili swali. Angalia hiyo sehemu 1/(n·k·(n+k)). n na k zimekaa sawasawa kabisa, ukizibadilishana nafasi hakuna kinachobadilika, wakati H(n)/n² tuliyoanza nayo ilikuwa haina dalili yoyote ya ulinganifu huo. Na alama ya kutoa imepotea, kila kipande ni chanya.

Sasa chukua kaunta buku yako, fungua kurasa safi, chora jedwali. Safu mlalo ya kwanza ni n = 1, ya pili n = 2, na kuendelea kwenda chini. Safu wima ni k = 1, k = 2, k = 3 kwenda kulia. Kwenye kila kisanduku andika 1/(n·k·(n+k)). Fanya kweli usisome tu, kona ya juu kushoto itakuwa hivi:

1/2, 1/6, 1/12, 1/20, ...
1/6, 1/16, 1/30, 1/48, ...
1/12, 1/30, 1/54, ...

Ukijumlisha mlalo wa kwanza wote, 1/2 + 1/6 + 1/12 + 1/20 na kuendelea, unapata 1, yaani H(1)/1². Mlalo wa pili unatoa 3/8, yaani H(2)/4. Hiyo ndiyo kanuni tuliyoipata hapo juu, mlalo wa n unatoa H(n)/n². Kwa hiyo jumla tunayoitafuta, tuiite S, ni jumla ya jedwali zima ukilisoma mlalo kwa mlalo.

Geuza jicho sasa ulisome kimshazari. Mshazari wa kwanza una kisanduku kimoja tu, 1/2. Wa pili una viwili, 1/6 na 1/6, jumla 1/3. Wa tatu 1/12, 1/16, 1/12, ambayo ni 4/48 + 3/48 + 4/48 = 11/48. Kila mshazari ni visanduku vyote ambavyo n + k ni namba ileile, tuiite m, na m inaanzia 2. Uzuri wa mshazari ni kwamba una mwisho, una visanduku m − 1 tu, hakuna infiniti ndani yake. Na asili ya sehemu ina (n+k) ambayo kwenye mshazari mzima haibadiliki, ni m, unaitoa nje. Inabaki 1/(n·k), na hii unaivunja:

1/(n·k) = (1/(n+k))·(1/n + 1/k) = (1/m)·(1/n + 1/k)

Ukitaka kuhakikisha jumlisha 1/n + 1/k utapata (n+k)/(nk), gawanya kwa n+k, umerudi ulipotoka. Hivyo kila kisanduku kwenye mshazari wa m ni (1/m²)·(1/n + 1/k). Ukipita mshazari mzima n inachukua 1, 2, 3 mpaka m − 1, na k inachukua hizohizo ila kwa kurudi nyuma, kwa hiyo 1/n zinajumlishwa kuwa H(m−1) na 1/k nazo zinakuwa H(m−1) nyingine. Jumla ya mshazari wa m ni 2·H(m−1)/m². Pima: m = 4, H(3) ni 11/6, mara mbili ni 11/3, gawanya kwa 16 ni 11/48. Ndiyo ileile.

Na H(m−1) ni H(m) ukitoa 1/m, kwa hiyo mshazari wa m ni

2·H(m)/m² − 2/m³

Ona sasa H(m)/m² imerudi yenyewe! Ndicho kitu tulichokuwa tunakijumlisha. Ukiweka m = 1 kwenye hiyo fomula unapata 2 − 2 = 0, kwa hiyo hata tukianzia m = 1 badala ya 2 hatuharibu kitu. Jumlisha mishazari yote:

S = 2S − 2ζ(3)

Hamisha, S = 2ζ(3). Kazi imekwisha, hamna kalkulasi nzito wala intigrali.

Ila haijaisha bado, na hapa naomba utulie maana ndipo swali lako lenyewe lilipo. Nimefanya mambo mawili ambayo mtahini makini ataniuliza. Nimechukua jedwali lisilo na mwisho nikalisoma kwa njia mbili nikadai jumla ni moja. Halafu nimetoa S pande zote mbili. Yote mawili yanahitaji kibali.

Cha kwanza, jedwali la namba chanya tupu. Tuseme ukisoma kwa mlalo unapata R, ukisoma kwa mshazari unapata D. Chukua mishazari michache ya kwanza, mpaka n + k = M. Hiyo ni pembetatu kwenye kona, na pembetatu nzima imo ndani ya milalo M ya kwanza, na kwa kuwa hakuna namba hasi jumla ya pembetatu haiwezi kuzidi R. Hata ukiongeza M vipi haizidi R, kwa hiyo D haizidi R. Sasa rudi upande wa pili, chukua mstatili wa milalo N na safu wima K, huo nao umo ndani ya pembetatu kubwa zaidi inayoishia n + k = N + K, kwa hiyo jumla yake haizidi D. Acha K iende mbali, milalo N mizima haizidi D, acha N nayo iende, R haizidi D. Kila moja haiizidi nyingine basi ni sawa. Angalia nimetumia kitu kimoja tu, kwamba namba zote ni chanya. Vitabuni utaikuta kwa jina la Tonelli, na ukiikuta usiogope jina, ni pembetatu ndani ya mstatili na mstatili ndani ya pembetatu.

Kibali cha pili watu wengi wanakiruka na mimi kinaniuma wakikiruka. Kama S ingekuwa infiniti, S = 2S − 2ζ(3) ingekuwa inasema infiniti ni infiniti, hamna habari humo. Huruhusiwi kutoa S mpaka uoneshe ni namba yenye mwisho. Haichukui hata mistari mitatu. √k − √(k−1) ni sawa na 1/(√k + √(k−1)), ambayo si chini ya 1/(2√k), ambayo nayo si chini ya 1/(2k). Kwa hiyo 1/k haizidi 2(√k − √(k−1)), jumlisha kutoka 1 mpaka n vinakatana, unapata H(n) haizidi 2√n. Basi H(n)/n² haizidi 2/n^1.5, na mfululizo wa 1/n^1.5 unatulia kwa sababu kipeo kimezidi 1. S ina mwisho. Sasa toa kwa amani.

Nikuoneshe kwa nini nakazania hili. Chukua 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ..., tujifanye ina thamani, tuiite A. Zile zenye asili shufwa, 1/2 + 1/4 + 1/6 na kuendelea, ni nusu ya A. Kwa hiyo zilizobaki, 1 + 1/3 + 1/5 + ..., ni A kutoa nusu ya A, nazo ni nusu ya A. Zimekuwa sawa. Lakini 1 ni kubwa kuliko 1/2, 1/3 ni kubwa kuliko 1/4, 1/5 kuliko 1/6, kila kipande cha upande mmoja kinakizidi mwenzake, zitakuwaje sawa? Kilichovunjika ni ile hatua ya kutoa, A haina mwisho. Yaani kosa lako la infiniti kutoa infiniti, likishikwa vizuri, linageuka kuwa uthibitisho kwamba huo mfululizo unapaa. Nicole Oresme alishaonesha kwamba unapaa tangu karne ya 14 kwa njia nyingine, ya kupanga vipande kwa mafungu ambayo kila fungu halipungui nusu.

Na mwenzako wa chumbani hofu yake ina msingi, ameisikia mahali pa kweli. Kwenye mifululizo yenye chanya na hasi zimechanganyika mpangilio unaweza kubadilisha jibu. Mfano unaojulikana ni 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + ... ambayo ni ln 2, kama 0.6931. Panga upya, chanya moja ikifuatwa na hasi mbili: 1 − 1/2 − 1/4 + 1/3 − 1/6 − 1/8 + ... Namba ni zilezile, hujaacha hata moja, hujarudia hata moja. Lakini 1 − 1/2 ni 1/2, 1/3 − 1/6 ni 1/6, ukikokotoa hivyo unapata 1/2 − 1/4 + 1/6 − 1/8 + ..., ambayo ni nusu kamili ya ile ya kwanza, 0.3466. Dirichlet aliligusia hili mwaka 1837, halafu Riemann akaonesha kwamba mfululizo wa namna hii unaweza kuupanga upya utoe namba yoyote utakayo. Yoyote.

Na kwenye jedwali ni hivyohivyo. Weka 1 kwenye kila kisanduku ambacho k = n, weka −1 kwenye kisanduku cha kulia kwake, kwingine kote sifuri. Kila mlalo una 1 na −1, jumla sifuri, milalo yote sifuri. Safu wima ya kwanza ina 1 peke yake, zinazofuata kila moja ina 1 na −1. Kwa safu wima jumla ni 1. Jedwali moja, majibu mawili. Kwa hiyo ukiulizwa inaruhusiwa lini, jibu ni hili: kama vipande vyote ni chanya, panga utakavyo. Kama kuna hasi, ondoa kwanza alama za kutoa, jumlisha ukubwa wa vipande, na kama hiyo jumla ina mwisho basi panga utakavyo. Kama haina mwisho, usiguse mpangilio. Mtu anayepokea hela tu hajali ipi imeingia kwanza, mwisho wa mwezi ni ileile, ila anayepokea na kukopa kila siku bila kuishia hesabu yake inategemea anazipangaje.

Matokeo haya ya 2ζ(3) ni ya Leonhard Euler. Miaka ya 1740 alikuwa anaandikiana barua na mwanahisabati mwenzake Goldbach kuhusu jumla za aina hii, H(n) juu ya n yenye kipeo, na baadaye akazikusanya kwenye makala. Alikuwa ameshapata mwaka 1735 kwamba 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + ... ni π²/6, akatafuta cha namna hiyo kwa ζ(3) asifanikiwe, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa. Ilichukua mpaka 1978 ndipo Roger Apéry wa Ufaransa akaonesha kwamba ζ(3) haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Kwa hiyo hapo ulipo na jedwali lako umeshika namba ambayo wanahisabati wanaihangaikia hadi leo, na umepata aidentiti inayoihusu kwa kusoma kimshazari tu.

Kwenye kazi utakayokusanya andika kwa mpangilio huu: kwanza S ina mwisho, pili H(n) kwa kukata kwenye K, tatu jedwali na sababu ya kubadilisha usomaji, nne mishazari. Wengi wanaanza na ya nne kwa sababu ndiyo tamu, halafu wanapoteza maksi za mbili za mwanzo.

Ukimaliza jaribu hii mwenyewe, jumla ya H(n)/n³. Jedwali sasa ni 1/(n²·k·(n+k)), milalo inatoa H(n)/n³ kwa hoja ileile. Safari hii usiende kimshazari. Chukua jedwali na pacha wake ambaye n na k zimebadilishana nafasi, yajumlishe kisanduku kwa kisanduku, uone (n+k) ya chini inakatana na nini. Ukifika kwenye π⁴/72, ambayo ni karibu 1.3529, umepatia.